Sahihi ya Mhusika

Tarehe 4 Machi

Shikamoo Dada,

Mimi ndiye fundi saa niliyekupigia simu ofisini siku ile ya Alhamisi. Makaburini tulionana lakini hatukuzungumza. Ulikuwa umeukumbatia mkoba kama mtu anayesubiri kuitwa ndani. Pole tena.

Nakutumia vitu vya mdogo wako. Ni ovaroli yake ya kupulizia rangi, barakoa, redio, viatu na miwani. Sisi tulimwita Mabaka, kwa sababu hakuwahi kutoka gereji bila doa la rangi sikioni. Hata wodini lilikuwepo, la bluu. Nesi alilisugua akachoka.

Ndani ya boksi utakuta karatasi niliyoinakili kwa mkono wangu. Alitaka uijaze, nami nilimwahidi kwamba itakufikia. Kila mhusika hujaza ya kwake, kwa ukweli na bila haraka. Ukimaliza nirudishie, nitakueleza kinachofuata. Usiogope kipengele cha mwisho, wengi hukiona kigumu mara ya kwanza.

Ni mimi,
Fundi Saa,
nyuma ya duka la vioo


Tarehe 15 Machi

Kwa Fundi Saa,

Marahaba. Boksi limefika na kamba yake haijakatwa. Asante.

Ninaandika barua kwa sababu simu siipendi. Mtu husema kwenye simu kisha akakana. Nimekaa masjala ya idara ya maji miaka kumi na tisa, na kwetu neno mhusika halina mzaha. Mhusika aitwe. Mhusika ajieleze. Chini kabisa, sahihi ya mhusika. Nilipoiona karatasi yako nikaelewa kwamba kuna uchunguzi, na kwamba mdogo wangu aliuanzisha mwenyewe kabla hajafa. Niliikunja nikaiweka chini ya godoro siku sita. Leo nimeijaza, kwa wino mweusi, nakala mbili. Moja nimebaki nayo.

Jina la mhusika: Dada yake. Hakuwa na mwingine.
Kazi: Karani.
Nguvu zake: Hasahau faili.
Udhaifu wake: Hasahau.
Anachobeba: Funguo za nyumba ya mama. Ziko saba, milango ni sita.
Anachoogopa: Hodi.
Kosa analoficha: Mama yetu alifariki Jumatatu, miaka minne iliyopita. Nilikuwa nimemuuguza peke yangu miaka miwili, kumgeuza, kumwosha, kumlisha kwa kijiko, na mdogo wangu alikuja mara tatu tu, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Tulimzika mama Jumanne. Simu kwa mdogo wangu niliipiga Jumatano. Nilimwambia mtandao ulikuwa chini. Haukuwa chini. Nilitaka afike akute udongo, ajue maana ya kutokuwepo. Alifika, akakuta udongo. Alinishukuru kwa kumtunza mama, akaondoka na gari la mchana.
Sahihi ya mhusika: (nimeweka)

Umeuliza, nimejibu. Sasa na mimi nina swali moja, na ndilo linaloninyima raha. Mdogo wangu alilazwa wiki tatu. Mimi niliitwa Alhamisi asubuhi, na nilipofika kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya. Je, alijua nilichomfanyia? Je, alinichelewesha makusudi, anilipe?

Nijibu wazi.

Karani


Tarehe 24 Machi

Dada yangu,

Nisamehe. Nisamehe sana. Dada, ni mchezo!

Nimeshika kichwa tangu asubuhi. Hakuna uchunguzi wowote. Jumamosi mchana tunakaa watano nyuma ya duka. Tuko mimi, mshona viatu, mwalimu wa hesabu, muuza vioo, na Mabaka alipokuwepo. Mimi nasimulia. Nasema mko msituni, mnasikia maji, mnafanya nini? Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni na anaamua mtu huyo afanye nini, kisha dadu linasema kama amefaulu au ameangukia pua. Yupo zimwi, yupo mganga, yupo mwizi mstaarabu ambaye huwaomba radhi anaowaibia. Hakuna mshindi. Mwalimu wa hesabu alichukua miezi mitatu kulikubali hilo.

Mtu huyo wa kubuni tunamwita mhusika, kama wahusika wa hadithi za shuleni. Kabla hujacheza unamjenga kwenye karatasi. Hicho kipengele cha kosa analoficha alikibuni Mabaka. Alisema mtu asiye na kosa hachezeki. Alitaka uwe wa sita, ucheze nasi kwa barua. Alikuwa akisema, "Dada yangu ana kichwa cha ajabu, ila amekifungia kabatini." Mimi mjinga, nilipokuwa nikinakili niliruka sehemu ya juu inayouliza kama mhusika ni mtu, jini au zimwi. Nilidhani utacheka na kuitupa.

Ulichoandika hakikuwa changu kukisoma. Nimekifungia kwenye droo ya saa za watu waliofariki, ambayo haifunguliwi na mtu mwingine.

Mhusika wake aliitwa Tarishi. Ni mpeleka habari wa mfalme, mwenye miguu mepesi kuliko wote, na bado kila anapokwenda anafika amechelewa. Sisi tulicheka. Tulidhani ni vituko vyake.

Jumamosi ya mwisho kabla hajalazwa tulimwacha Tarishi nje ya lango la mji, kwenye mvua, anapiga hodi. Baada ya mazishi tulijaribu kuendelea. Nilianza kusema amekwenda zake, tuanze mengine. Mshona viatu akasema, "Mwache. Hajamaliza." Dadu la Mabaka, jekundu, lilikuwa mezani. Hakuna aliyeligusa. Tulipofunga lilionyesha sita. Jumatatu nilipofungua lilionyesha moja. Huenda ni lori lililotikisa meza, malori yanapita hapa kutwa. Lakini na saa zote tisa zilizokuwa kwenye rafu ile zilikuwa zimesimama, na mimi mwenyewe ndiye niliyezitia ufunguo.

Kuhusu ile Alhamisi, Dada, mambo ya wodini unayajua, hayana mpangilio. Tusiyachokonoe.

Mimi wako,
Fundi Saa


Tarehe 6 Aprili

Fundi,

Umenifanya nimvue nguo mdogo wangu na mimi mwenyewe mbele ya mtu nisiyemjua, kwa ajili ya mchezo. Nilipoisoma barua yako ofisini nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za dharura mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama ninaumwa. Nataka karatasi yangu irudi. Watu wazima watano na dadu! Hamna wake?

Hiyo nilitaka iwe barua yote. Ila kuna jambo lingine.

Tangu boksi liingie hapa, mlango wa mbele unabishwa. Ni saa kumi jioni, nikiwa ndio kwanza nimevua viatu. Mara mbili, kimya, kisha mara moja. Ndivyo alivyokuwa akibisha tangu akiwa mdogo. Anapiga mbili, anasahau ya tatu, kisha anaikumbuka. Mara ya kwanza nilifungua. Hakuna mtu. Nimekagua bawaba, nimekaza komeo, nimemuuliza jirani. Jirani hasikii kitu. Ushoroba wote unanuka rangi na thina, na boksi lenyewe nimelifunga kwa gundi ya karatasi mizunguko minne. Mimi si mtu wa mashetani, Fundi. Mimi ni mtu wa faili. Ila sasa hivi sifungui. Nakaa jikoni mikono ikiwa mapajani nasubiri ile ya tatu. Ya tatu ikipita ndipo naweza kupumua.

Jana nilifikiri, huyo Tarishi wenu amesimama kwenye mvua tangu lini? Kwa hiyo nimejenga mtu wako wa kubuni. Safari hii najua ninachofanya.

Jina la mhusika: Bibi Komeo. Sijui limetoka wapi, limekuja kalamu ikiwa tayari mkononi.
Mtu, jini au zimwi: Mtu. Inatosha.
Kazi: Mlinzi wa lango la mji.
Nguvu zake: Anakumbuka kila aliyeingia na kila aliyetoka.
Udhaifu wake: Magoti.
Anachobeba: Funguo saba. Mmoja haufungui kitu.
Anachoogopa: Watu wanaoshukuru.
Kosa analoficha: Aliwahi kusikia hodi akanyamaza.

Na swali langu hujalijibu. Usifikiri sijaona.

Karani


Tarehe 17 Aprili

Dada,

Nilipofika kwenye jina la mhusika wako nilikaa kitako, hapo hapo sakafuni, katikati ya vyuma vidogo vya saa ya mteja. Bado natafuta skrubu moja. Hilo jina hukulisikia kwangu. Nimeisoma upya nakala ya barua yangu ya pili, maana nimejifunza kwako kuweka nakala, na ya kwanza naikumbuka yote. Halimo. Sitakueleza leo kwa nini nimeshtuka. Nipe muda kidogo.

Tucheze. Mshona viatu na wenzake nimewaambia, wamekubali kungoja posta.

Bibi Komeo ameketi ndani ya chumba cha lango. Ni saa kumi jioni, mvua inanyesha, kuta zinatoa maji. Magoti yanamuuma. Nje kuna mtu. Anabisha mara mbili, kimya, kisha mara moja. Sauti inasema, "Hodi. Ni Tarishi. Najua nimechelewa." Komeo la lango limekamatwa na kutu kwa sababu halijafunguliwa miaka minne.

Bibi Komeo anafanya nini?

Akiamua kufungua, rusha dadu. Nne, tano au sita, komeo linaachia. Tatu kushuka chini, linagoma. Nakutumia lile jekundu ndani ya kopo la saa. Kona moja imemeguka, alilikanyaga mwenyewe kwa buti. Karatasi yako ya kwanza pia nairudisha humo humo.

Fundi Saa


Tarehe 27 Aprili

Fundi,

Bibi Komeo alisimama. Alijaribu funguo zote, mmoja mmoja. Alisema, "Nakuja, ngoja."

Nilirusha dadu mezani jikoni, saa kumi na dakika tano, mbele ya karatasi yangu ya kwanza, ile ya kweli. Liliangukia moja.

Nililiacha hapo hapo mpaka chai ikapoa. Hata nilipotoka chumbani asubuhi lilikuwa bado moja.

Basi nimepata jibu ulilonificha. Alijua. Alijua, akakaa kitandani wiki tatu akikataa niitwe, na sasa ananikatalia tena. Sina kinyongo naye, ni haki yake. Nilichompimia ndicho alichonipimia. Ila mlango bado unabishwa, na sielewi kwa nini mtu abishe mahali asipotaka kufunguliwa.

Usiniandikie tena. Wasalimie hao wazee wenzako.

Karani


Tarehe 5 Mei

Dada,

Naandika hata kama utaichana. Nimeacha kazi zote. Saa za watu zimelala mezani na kibano sijakishika.

Hakukuchelewesha yeye. Ni mimi.

Wiki mbili za kwanza alikataa mtu yeyote asumbuliwe. Alisema ni kikohozi cha rangi, kitaisha. Jumanne ya wiki ya tatu aliomba penseli ya nesi na karatasi ya mchezo, akaandika mchana kutwa, anaandika anapumzika, kisha akanipa pamoja na namba ya ofisini kwako. Akasema, "Mpigie Dada leo. Mwambie aje, ila asikimbie, magoti yake." Karatasi nikaisoma kwenye kituo cha basi. Ndipo nilipojua ulichomfanyia siku ya mazishi ya mama yenu. Yeye hakuwahi kutuambia. Miaka yote tumecheka na huyo Tarishi anayechelewa.

Nilipandwa na hasira, Dada. Nilisema moyoni, na huyu naye asubiri kidogo, aonje. Siku mbili tu. Daktari alikuwa amesema anaendelea vizuri. Jumatano Mabaka aliniuliza, "Umempata?" Nikamwambia laini zilikuwa mbovu. Akanitazama, akacheka kidogo mpaka akakohoa, akasema, "Hizo laini." Sasa najua alielewa. Tangu Jumatano jioni hakuuliza tena, ila macho yake yalikuwa mlangoni. Alhamisi alfajiri akafa, na ndipo nikaenda kupiga simu. Mimi, mtu ninayelipwa kurekebisha saa za watu.

Karatasi uliyoletewa niliinakili tupu ili usiione ya kwake. Niliogopa ungeuliza niliipata siku gani. Hii hapa sasa, ya penseli, mkono wake mwenyewe. Sikuifuta hata nukta. Utaelewa kwa nini nilikaa sakafuni.

Jina la mhusika: Bibi Komeo.
Anayemchezesha: Dada (akikubali. Mbembelezeni).
Mtu, jini au zimwi: Mtu, ingawa wakati wa hasira tuongeze kipengele.
Kazi: Mlinzi wa lango.
Nguvu zake: Alimbeba mama mgongoni miaka miwili. Hakuna zimwi linaloweza hilo.
Udhaifu wake: Magoti, na kutokuomba msaada.
Anachobeba: Funguo saba. Ule wa saba ni wa baiskeli yangu iliyoibiwa zamani. Hakuutupa.
Anachoogopa: Kwamba Tarishi anajua.
Kosa analoficha: Alichelewesha habari. Tarishi anajua tangu siku ile ile, kwa sababu binamu anayekaa mbali kumzidi alikuwepo mazishini na viatu vyake vilikuwa na udongo. Tarishi hakusema kwa sababu na yeye alikuwa na deni la siku nyingi za kutokuja. Asilazimishwe kusema. Akisema, asikatizwe.
Kanuni ya pekee: Kwa Bibi Komeo, lango linafunguka kwa namba yoyote. Fundi, usibishane na mimi.

Namba yoyote, Dada. Ile nne, tano au sita niliitunga mimi, kwa sababu nilikuwa bado sijakusamehe. Moja yako ilifungua lango.

Na mimi nimejaza.

Jina la mhusika: Fundi Saa.
Kosa analoficha: Hilo.
Sahihi ya mhusika: hii hapa chini. Sikuombi unisamehe. Naomba tu usimdhanie vibaya yeye.

Fundi Saa


Tarehe 20 Mei

Fundi,

Niliisoma barua yako nimesimama, kisha nikaketi, kisha nikalala chini kabisa kwenye saruji. Nimelia mpaka jirani amesikia. Kumbe anasikia.

Nilikwenda kuutazama ufunguo wa saba. Nilikuwa nimesahau ni wa nini, mimi ninayejisifu hivyo. Una kutu ya rangi ya chai na bado umefungwa kile kiuzi cha kijani alichokitia mdogo wangu.

Siku mbili zako ningezitumia. Ningefika nikakaa kando yake, ningelisugua lile doa la sikioni hata kama haliondoki. Nakuchukia kwa siku hizo mbili, Fundi, na nitaendelea kwa muda, usinihimize. Lakini hilo kosa nalijua lilivyo kwa ndani. Nalijua mpaka uzito wake. Mtu hupiga hesabu kwamba kesho ipo. Katika watu wote wa dunia hii hakuna anayeweza kukuelewa isipokuwa mimi, na ndiyo adhabu tuliyopewa sote wawili.

Kwa hiyo nimefungua faili lako. Nakurudishia dadu jekundu ndani ya kopo lile lile. Lirushe mbele ya wenzako Jumamosi. Kwako pia ni namba yoyote. Mimi ndiye mlinzi wa lango, kanuni ni yangu. Kisha utafute ile skrubu ya mteja, watu wanangoja saa zao.

Sasa sehemu yangu ya mchezo. Andika kama nilivyoandika, usipambe.

Jana saa kumi jioni nilivua viatu, nikachemsha maji, nikaweka vikombe viwili. Mlango ukabishwa mara mbili. Kimya kikakaa. Nilitoka jikoni kabla ya ile ya tatu, nikapita ushoroba ule wenye harufu ya thina, magoti yakilalamika, nikashika komeo, na hapo hapo ya tatu ikagonga chini ya kiganja changu, nikaisikia kwenye mfupa.

Bibi Komeo anafungua lango. Nje kuna mvua na mtu mwenye doa la bluu sikioni. Tarishi anasema amechelewa. Bibi Komeo anasema, "Mama alizikwa Jumanne. Nilikunyima makusudi. Karibu ndani, mdogo wangu, chai ipo."

Leo saa kumi hakuna aliyebisha. Niliuacha mlango wazi mpaka giza, nikakunywa vikombe vyote viwili.

Ni mimi,
mhusika